Siku Tatu za Kutafuta Mtaa Dodoma

Barua ya uhamisho niliipokea mwishoni mwa Septemba. Ilinitaka niripoti Mji wa Serikali, Mtumba, ifikapo Januari. Mume wangu, ambaye kazi yake iko Dar es Salaam, angebaki kwanza Tabata. Mimi ningetangulia na watoto watatu: binti wa darasa la nne, kijana wa kuanza la kwanza, na kitinda mimba ambaye ndiyo kwanza anajifunza kushuka ngazi. Niliomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda treni ya umeme ya asubuhi.

Zamani safari hiyo ilikula siku nzima ndani ya basi. Tangu treni ianze kufika Dodoma mwaka 2024, ni saa tatu na ushee tu. Njiani nilitoa daftari nikaandika ninachokitaka: nyumba iwe karibu na ofisi, iwe na vyumba vitatu, iwe ndani ya uzio, na isikose maji. Nilikuwa na sababu ya kuandika "karibu" na kuipigia mstari. Kule Tabata binti yangu alikuwa akiamka saa kumi alfajiri. Basi la shule lilimpitia saa kumi na moja na robo, likazunguka mitaa mitano kuokota wenzake, na jioni akarudi saa kumi na mbili, ameshalala kichwa dirishani. Miaka mitatu nilimvalisha soksi akiwa usingizini. Sikutaka kuliona jambo hilo tena kwa mtoto wangu yeyote.

Nilifikia kwa shangazi yangu, Area C. Yeye alikuja Dodoma miaka ya sabini na mumewe, mtumishi wa CDA, ile mamlaka iliyoundwa baada ya TANU kuamua mwaka 1973 kuyahamishia makao makuu ya serikali hapa. CDA ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, lakini shangazi bado anaujua mji kwa ramani ya marehemu mumewe. Usiku ule alilisoma daftari langu akiwa amevaa miwani yake ya kusomea, akalifunga.

"Mwanangu, hapa umeandika ofisi yako. Shule ya watoto iko wapi?"

Nikamjibu kwamba shule nitaitafuta nikishapata nyumba.

"Basi umeanza na mkia," akasema. "Kesho nitakwenda nawe."

Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mpango kabambe wa mji huu, uliochorwa mwaka 1976 na wataalamu kutoka Canada, ulikusudia mtu aishi kwa miguu. Makazi yaligawanywa kwa ngazi hadi kufikia nyumba kumi kumi, na shule, soko na zahanati viwe mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anafika bila kupanda gari. Si yote yaliyotimia, na mji umekua kuliko walivyodhani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Lakini shangazi anasema mitaa iliyopimwa vizuri bado inatambulika ukiitembea.

Asubuhi tulikwenda upande wa Mtumba kwanza, kwa kuwa sikutaka kuiacha hoja yangu kirahisi. Dalali alituonyesha nyumba mbili maeneo ya Ihumwa, mpya kabisa, marumaru hadi barazani. Kutoka pale hadi ofisini kwangu ni pua na mdomo. Upepo wa Oktoba ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu juu ya viwanja vitupu, na kivuli pekee kilikuwa cha nguzo ya umeme. Niliuliza shule ya msingi iko wapi, dalali akanyoosha mkono kuelekea mbali, ng'ambo ya barabara kuu ya Dar es Salaam, ile inayopitwa na malori ya kwenda Singida na Rwanda usiku na mchana. Mtoto wa miaka saba avuke pale? Nikamshukuru, tukaondoka.

Kisasa tulipita haraka. Ni mtaa mzuri, barabara zake zimenyooka na miti imekua, na kama ningekuwa na gari huenda ningeishia hapo. Ila kila nyumba ina ukuta na geti, na kwa nusu saa nzima hatukumwona mtoto hata mmoja nje. Kodi nayo ilinizidi kimo.

Mchana dalali mwingine, kijana mchangamfu, akatupeleka bondeni, upande wa magharibi wa mji. Sitautaja mtaa huo kwa kuwa wenyeji wake hawana kosa. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, jiko la ndani, mwembe uani, na rangi ya maziwa ambayo harufu yake ilikuwa haijaisha. Kodi ilikuwa nafuu kuliko zote tulizoziona. Nyuma ya uzio kulikuwa na korongo kavu la mchanga mweupe, na watoto walikuwa wanachimba visima vya mchezo ndani yake. Moyo wangu ulikwisha kukubali. Nilianza hata kupanga kitanda cha kijana kitakaa wapi.

Shangazi hakusema neno. Alikuwa amechutama sebuleni karibu na ukuta. Akatoa ufunguo kwenye kanga, akakwangua rangi kidogo, usawa wa goti. Ile rangi mpya ilitoka kama ganda la yai. Chini yake kulikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, ukizunguka chumba chote. Juu ya mstari plasta ilikuwa ngumu. Chini yake ilikuwa imeota chumvi nyeupe, na ukiigusa inamong'onyoka kama unga.

Tukatoka nje. Hapo ndipo nilipoanza kuona nilichokuwa nakitazama bila kukiona. Kila mlango wa jirani ulikuwa umejengewa kizingiti cha tofali mbili, watu wakiingia ndani wanainua mguu. Nyuma ya jiko la nyumba ya pili viroba vya mchanga vilikuwa vimepangwa vizuri, vikisubiri.

"Dada, hapa mvua hainyeshi kama Dar," dalali alisema.

Ni kweli haifiki ya Dar. Dodoma kwa mwaka hupata mvua isiyofika hata milimita 600, na Dar hupita 1,000. Lakini hii ya Dodoma karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Machi, tena kwa vishindo, juu ya ardhi iliyokauka miezi saba ikawa ngumu kama sakafu. Maji hayanywewi na udongo, yanakimbia. Na yakikimbia yanafuata korongo, lile lile ambalo watoto wanachezea Oktoba.

Usiku huo usingizi ulinikimbia. Nilikuwa naiona ile sebule, na kitinda mimba wangu ambaye urefu wake haujafika mbali juu ya ule mstari.

Siku ya tatu shangazi alinitoa nyumbani saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Tulichukua bajaji hadi mtaa wa Ilazo, tukasimama kwenye genge lililokuwa halijafunguliwa. Hatukuwa na dalali wala nyumba ya kuangalia. Saa kumi na mbili na nusu watoto wakaanza kupita, makundi makundi, wakubwa wamewashika mikono wadogo, mmoja anakula andazi, mwingine anafunga kamba ya kiatu juu ya jiwe. Mama muuza maandazi alikuwa anawaita kwa majina, na mmoja alimzuia na kumfunga kifungo cha shati. Tuliwafuata taratibu, kwa mwendo wao. Hawakuvuka barabara kubwa wala korongo. Dakika tisa tukawa kwenye lango la shule.

Mwalimu mkuu alitupokea vizuri na hakutuficha. Madarasa yamejaa, madawati ni ya watoto watatu watatu. Binti atahama kwa namba yake ya mwanafunzi, ile ya PREM, kutoka shule anayosoma, na wa darasa la kwanza aandikishwe mapema akiwa na cheti cha kuzaliwa. Nililipima jambo hilo la msongamano kwa uzito, kwa sababu si dogo. Nikaona kwamba mtoto aliyelala usingizi wa kutosha, anayerudi nyumbani mchana na mama yake akamkagua daftari jioni, ana nafasi nzuri kuliko yule niliyekuwa namvalisha soksi akiwa amelala.

Ndipo tulipokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. "Shikamoo, mzee," nikamwamkia, naye akatupa viti chini ya mwarobaini. Nilimwuliza maji ya mvua yanapita wapi, mgao wa maji ukoje, na usiku kuna ulinzi gani. Alijibu bila haraka, akanionyesha kwa fimbo mteremko ulivyokaa: mtaa uko mgongoni, maji yanashukia upande wa pili. Ya bomba hutoka kwa zamu, kwa hiyo nisipangishe nyumba isiyo na simtank. Mwishoni yeye mwenyewe akatuelekeza kwa mama mmoja mjane mwenye nyumba ya nyuma inayopangishwa.

Nyumba ile haina marumaru. Jiko ni dogo, bati la barazani lina kutu, na vyumba ni viwili na sebule. Mama mwenye nyumba alitupikia chai, na ndani ya birika nikaona ukoko mweupe wa chumvi, mnene kama kucha. Maji ya huku ndivyo yalivyo, akasema, ya kunywa chemsha na uyaache yatulie. Simtank ya lita 2,000 ilikuwa juu ya mnara wa matofali. Uani watoto watatu wa majirani walikuwa wanacheza rede, hakuna aliyewafukuza. Nikalipa kodi ya miezi sita pale pale.

Tulihamia wiki ya kwanza ya Januari. Mimi hupanda magari mawili kufika Mtumba, na siku za mvua huchelewa. Binti yangu huamka saa kumi na mbili, huvaa soksi mwenyewe, na humshika mdogo wake mkono hadi shuleni. Katikati ya Februari ilinyesha usiku kucha, na asubuhi shangazi alinipigia simu kuniambia kwamba kule bondeni viroba viko mlangoni na watu wanatoa maji kwa ndoo.

Kama nawe umepewa barua ya kuja Dodoma, omba ruhusa uje mwenyewe kabla hujalipa kodi. Fika mtaani alfajiri watoto wanapokwenda shule, na swali la maji ya Februari mwulize mtu asiyepata hata senti wewe ukipangisha.