Nilivyoukwepa Mtaa wa Matonge

Kila anayeniuliza kuhusu safari yetu ya Brussels humjibu kwamba ilikuwa njema. Kwa mama haikuwa njema, na kosa ni langu.

Binamu yangu anayeishi huko alitushauri tufikie Ixelles, karibu na stesheni ya Porte de Namur, ulipo Matonge, mtaa wa Wakongo. Nilimjibu kwa dharau: "Siwezi kuvuka bahari nikalale Kinshasa." Mama alikuwa ameketi hapo hapo, akasikia. Nikachagua hoteli upande wa Schuman, kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya. Palionekana safi na tulivu, na bei ya mwisho wa juma ilikuwa nafuu.

Unafuu ule ulipaswa kunizindua. Hoteli za pale hutegemea wajumbe na maofisa wanaokuja kikazi. Ijumaa wakishaondoka, vyumba hubaki vitupu na migahawa mingi iliyowalisha hufungwa. Jumamosi tulizunguka katikati ya majengo ya vioo bila kupata hata pa kunywa chai. Mama, mtu wa Lubumbashi ambaye Kifaransa chake ni cha salamu tu, alirudi chumbani akaniuliza kama mji huu una watu.

Watu walikuwapo, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Matonge ya Brussels imechukua jina la Matonge ya Kinshasa, na Wakongo wamekuwa wakikutana pale tangu miaka ya 1960, mwanzoni wengi wao wakiwa wanafunzi. Mwaka 2018 uwanja mmoja jirani ulipewa jina la Patrice Lumumba. Jioni binamu alitupeleka Chaussée de Wavre, penye saluni za kusuka, vitenge, makayabu na sombe. Lingala ndiyo iliyotawala, lakini mama alimpata muuza mboga kutoka Katanga, wakazungumza Kiswahili mpaka duka likafungwa. Kesho yake tulikuwa na ndege ya kurudi.

Nilimwomba mama radhi, naye akasamehe. Bado naona haya, kwa sababu sikukosea ramani: niliwaogopa watu wetu, nikauita woga huo usafi na utulivu. Ukimpeleka mzazi ugenini, kabla ya kulipia chumba jiulize atazungumza na nani wewe ukiwa haupo. Mimi sikujiuliza, na siku zake nilizozipoteza siwezi kumrudishia.