Uzamili wa Likizo

Katika miji yetu ya pwani, neno chuo lilikuwa na maana moja kabla ya kupata ya pili. Mtoto alitiwa chuoni akiwa na miaka minne au mitano, akapewa juzuu yake, na mwalimu aliyempokea alikuwa mtu wa heshima mtaani. Siku hizi ukisema fulani yuko chuo, watu huuliza: cha Qur'ani au chuo kikuu? Mimi hujibu kuwa nipo kote kuwili. Nafundisha watoto wadogo katika shule ya awali iliyo pamoja na madrasa hapa Garsen, na shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Disemba, nafunga mizigo kwenda kusomea shahada ya uzamili katika elimu ya awali.

Swali ninaloulizwa zaidi, hasa na wanawake wenzangu, ni hili: uzamili wa nini, kwa watoto wanaojifunza alifu na be? Sikasiriki, kwani swali hilo lina historia. Tumezoea kumpa mtoto mdogo mwalimu mdogo. Aliyesoma sana hupelekwa sekondari. Aliyekwama njiani huambiwa, basi kaa na hawa wachanga, waimbishe. Lakini fundi wa nyumba hampi mwanagenzi kazi ya kuweka msingi ili yeye abaki kupaka chokaa. Katika umri huo ndipo mtoto anapojifunza kama sauti yake inasikika au haisikiki mbele za watu, na hilo halifundishwi kwa nyimbo peke yake.

Wala wazo kwamba mwalimu wa watoto wadogo asomeshwe, tena asomeshwe akiwa kazini, halikuletwa kwetu na wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa Mombasa waliona watoto wao wanabaki nyuma shuleni, wakalipeleka jambo hilo kwa Aga Khan. Matokeo yake yalikuwa mpango wa shule za awali za madrasa, uliojulikana baadaye kwa jina la Madrasa Resource Centre, na mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, ndiye aliyetembea mtaa kwa mtaa kuuanzisha. Shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1986. Baadaye mpango ukaenea Zanzibar na Uganda. Wanawake wa mitaani, wengi wao bila cheti kikubwa, walifunzwa huku wakifundisha. Vifaa vya darasani vilikuwa vifuu, kombe za baharini, mbegu na visoda. Mkufunzi aliwafuata darasani, akaketi, akatazama, kisha wakazungumza. Ninapoketi katika ukumbi wa mihadhara wakati wa likizo, nauona mfumo huu wa kusoma kwa mafungu kuwa ni ndugu wa ule, ila huu una karatasi nyingi zaidi.

Karatasi hizo si haba, na anayefikiria kuanza asidanganywe. Lazima uwe na shahada ya kwanza. Likizo kadhaa hupita katika masomo ya darasani na mitihani. Kisha unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea mbele ya jopo, unaomba kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, unakusanya habari, ndipo unaandika tasnifu. Wanaosoma muda wote huhesabu miaka miwili. Sisi wa likizo tuhesabu mitatu au minne. Lakini tuna jambo moja wasilo nalo wao. Swali nililopewa mwezi wa Agosti nalirudisha darasani Septemba, na watoto hunijibu.

Swali langu ni la lugha. Darasa langu lina Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wagiriama na Wasomali wachache. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo wa elimu nchini umekuwa kwamba mtoto aanze kufunzwa kwa lugha ya eneo lake. Maneno mazuri, lakini lugha ya eneo la Garsen ni ipi? Kiswahili na Kipokomo ni ndugu wa Kibantu. Mtoto wa Kipokomo husikiliza siku chache, akashika. Kiorma kina ukoo mwingine kabisa, na mtoto aliyetoka malishoni hukaa mkekani kama mgeni katika harusi asiyojua ni ya nani.

Nililetewa mvulana mmoja mwenye sifa ya uzito wa kichwa. Muhula mzima hakutamka neno. Nilimwomba bibi yake aje kuketi nasi asubuhi moja, nikamwaga kokoto mkekani. Bibi akasema naye kwa Kiorma, na mtoto akazigawa kokoto: hizi ndama, hawa majike wanaokamwa, hawa madume, huyu mgonjwa abaki nyumbani. Alizihesabu zote pasipo kukosea, akamrekebisha na bibi yake. Somo hilo katika vitabu vyetu huitwa kupanga na kuainisha, na lilipaswa kumjia mwaka wa pili.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu si jambo la chuo tu. Mwaka 2012 watu wa delta hii waliuana, zaidi ya mia moja wakafa, na maji na malisho yalikuwa katika kiini cha ugomvi. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuwa vijana wakati ule. Leo watoto wao wanaketi mkeka mmoja. Ikiwa lugha ya mmoja ndiyo pekee inayosikika hapo, mwenzake atakuwa amejifunza, akiwa na miaka mitano, kwamba mahali hapa si pake. Sijui dhamana kubwa kuliko hiyo ambayo mwalimu anaweza kukabidhiwa.

Sasa nije kwenye fedha, maana najua kuna msomaji anayengoja hapo. Mkopo wa elimu ya juu wa serikali una riba, na nyumbani kwetu tuliamua tangu mwanzo kutougusa. Karo hulipwa kwa mafungu, muhula kwa muhula, na kwa hilo kusoma likizo kuna nafuu. Fungu la kwanza lilitoka katika mchezo wetu wa wanawake, ule wa kuchanga kila wiki na kupokezana. Wenzangu walikubali zamu yangu itangulizwe. La pili mume wangu aliuza mbuzi. Yaliyofuata yanatafutwa, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuruzuku.

Kuhusu safari, toka Garsen hadi Malindi tu ni zaidi ya kilomita mia moja, na maharimu hapatikani kila likizo. Wanazuoni wana kauli zao juu ya safari ya mwanamke, nami si mwenye elimu ya kuzipima. Tulimwendea sheikh wetu, tukamweleza njia, malazi na wenzangu wa safari, tukafuata alivyotuelekeza. Namsihi kila dada aulize kabla ya kulipa karo, si baada yake. Na mto nao una kauli yake. Ulipofurika 2018, na tena 2023, watu wa delta hawakuulizana ratiba za mitihani.

Kinachobaki ni nyumba. Anayesoma ni mmoja, wanaolipa ni wengi. Mavyaa wangu ndiye anayebaki na watoto wangu, na hakukubali kwa urahisi. Aliniambia, "Mwanangu, unakwenda kusoma jinsi ya kulea watoto, na wako unaniachia mimi?" Nilimjibu, "Mama, ndiyo maana nawaacha kwako." Alicheka, lakini neno lake lilikuwa na haki, na tulikaa na mume wangu tukaligawa: nani anapika likizo, nani anapeleka watoto madrasa, nani hasemi "si kazi yangu". Familia isiyokaa kikao hicho mapema itakikaa baadaye kwa ghadhabu.

Msimamizi wangu sasa anataka nikusanye hadithi za watoto kwa Kiorma na Kipokomo, nizijaribu darasani kabla ya mvua za vuli kufunga njia za Ngao na Kipini. Bibi wa yule mvulana amekwisha kunipa tatu. Ameuliza kama naye atapewa cheti.