Kanisa Juu ya Baa

Mwaka 1994 Mchungaji Tsietsi Thandekiso alianzisha kanisa la mashoga na wasagaji weusi huko Hillbrow, Johannesburg. Jengo hakuwa nalo. Chumba alichopata kilikuwa ndani ya hoteli ya Harrison Reef, na chini yake, katika jengo hilohilo, palikuwa na Skyline, baa ambamo mashoga wa mji ule walikuwa wakikutana tangu zamani. Jumapili waumini walipanda ngazi kwenda kuimba na kuombeana, na si ajabu baadhi yao ndio waliokuwa chini usiku wa kuamkia siku hiyo. Kisa hiki nilikisoma nikiwa Mombasa, katika kitabu cha Graeme Reid kiitwacho Above the Skyline. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeshaamua kwenda.

Mombasa sisi hujuana. Hujuana kwa macho, kwa mzaha, kwa kualikwa kwenye harusi ambayo mpambaji wake, mpishi wake na anayempiga bibi harusi piko wote ni watu wetu. Kila aliyekaa mkekani anajua na hakuna anayesema. Mna usalama wa aina yake humo, sitaki kuudharau. Lakini siku ukifukuzwa na mwenye nyumba, au ukiugua na ndugu wakakugeuzia mgongo, macho hayakupi pa kulala. Nilitaka kuona waliolivuka hilo walilivukaje.

Safari yenyewe haina mengi. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi tena viza ya Afrika Kusini; anagongewa muhuri uwanjani, mradi kadi ya chanjo ya homa ya manjano iko mkononi. Ofisa aliniuliza nimefuata nini, nikasema kutembea. Kilichonitesa ni baridi. Mji ule uko juu sana, mita zaidi ya 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Julai ndio kipupwe chao: jua linawaka, meno yanagongana.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Tanga, fundi simu, aliyekaa huko hadi Kiswahili chake kikaanza kuchanganyika na Kizulu. Namba yake nilipewa na rafiki wa rafiki, maana ndivyo watu wetu wanavyosafiri. "Shikamoo kaka," aliniamkia pale Park Station, na sijamaliza kuitikia marahaba alishanyakua begi langu na kulivaa kifuani. "Hapa mzigo unabebwa kama mtoto anayenyonya."

Hillbrow ni maghorofa yaliyosongamana. Sheria za ubaguzi ziliupanga mtaa ule uwe wa weupe, lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 weusi, Wahindi na machotara walianza kupanga vyumba humo kinyemela. Na mashoga nao walikuwemo. Nadhani mwenye nyumba anayevunja sheria moja hana ujasiri wa kumuuliza mpangaji wake kuhusu sheria nyingine. Skyline haipo siku hizi. Kwenye kona ya barabara za Twist na Pretoria, kona iliyopewa jina la Simon Nkoli mwaka 1999, tulikuta wauza ndizi, wauza chaja na mama mmoja mwenye beseni la magwinya, maandazi yao yasiyo na iliki. Nilinunua mawili. Mwenyeji wangu alinihimiza nile huku tunatembea.

Ili kujua huyo Nkoli ni nani ilinibidi niende Braamfontein, kwenye hifadhi ya nyaraka iitwayo GALA, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kushikamana na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Huko ndiko zinakotunzwa karatasi zake, pamoja na barua alizomwandikia mpenzi wake kutoka gerezani. Nilikaa nazo muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Alizaliwa Soweto mwaka 1957. Akiwa mtoto aliwahi kuwafungia wazazi wake kabatini ili wasikamatwe na polisi waliokuwa wakisaka weusi wasio na kibali cha kuishi mahali hapo. Alikua akawa kiongozi katika COSAS, jumuiya ya wanafunzi iliyopambana na ubaguzi. Ilipojulikana kwamba ni shoga, wanafunzi walijadili kama wamwache uongozini au wamwondoe, wakapiga kura, akabaki. Kisha akaenda kutafuta wenzake wa upande wa pili. Chama cha mashoga kilichokuwepo, GASA, kilizaliwa mwaka 1982 na karibu wanachama wote walikuwa weupe. Mwaka 1984 Nkoli akaunda kikundi chake cha watu weusi, kikaitwa Saturday Group kwa kuwa walikutana Jumamosi.

Hakikudumu. Septemba mwaka huohuo wakazi wa vitongoji vya Vaal waliandamana kupinga kodi za nyumba, risasi zikalia, na Nkoli akawa miongoni mwa waliokamatwa. Washtakiwa 22 walifikishwa mahakamani katika mji mdogo wa Delmas kwa kosa la uhaini, ambalo hukumu yake ingeweza kuwa kitanzi. Ndani ya gereza wenzake walipojua habari zake, baadhi walitaka kesi yake itengwe, asije akawachafulia jina. Walibishana wiki kwa wiki, watu waliofungiwa pamoja na wasioweza kukimbiana. Mwishowe wakakubaliana kwamba wataingia wote na watatoka wote.

Na GASA? Ikanyamaza, ikisema yenyewe haishughuliki na siasa. Wa mbali ndio waliojitokeza: huko Toronto iliundwa kamati yenye jina la Nkoli, na mwaka 1987 shirikisho la kimataifa la mashoga na wasagaji likaifukuza GASA. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Chama cha mashoga wenzake kilimwacha, na watu wa itikadi yake, baada ya kugombana naye, wakabaki naye. Anayedhani kufanana tu kunatosha kujenga undugu aisome kesi ya Delmas.

Nkoli aliachiwa huru mwaka 1988. Mwaka huohuo yeye na wenzake walianzisha chama kingine, GLOW, safari hii weusi na weupe pamoja, na tarehe 13 Oktoba 1990 wakaandamana kutoka Braamfontein. Yalikuwa maandamano ya kwanza ya aina yake barani Afrika, na watu walikuwa kama 800. Walioogopa kuonekana walivaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa macho. Nimeitazama picha ya watu wale kwa muda. Wapo wanaowacheka, mimi nawaheshimu kuliko hata waliokuwa mstari wa mbele, kwa sababu mtu aliyeogopa kiasi kile angeweza kabisa kubaki nyumbani. Miongoni mwa waliozungumza siku hiyo alikuwa msichana wa Soweto, Beverley Ditsie, ambaye miaka mitano baadaye alisimama mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, Beijing, akadai haki za wasagaji zihesabiwe kuwa haki za wanawake.

Popo Molefe na Mosiuoa Lekota, waliokaa na Nkoli kizimbani, wakawa viongozi wa taifa jipya. Lekota alikuja kueleza kwamba baada ya kuishi gerezani na mtu kama Simon, wasingeweza kuandika katiba inayombagua. Katiba ya mwaka 1996 ikamtaja kwa maana: kifungu cha 9 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi. Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ikafuta sheria iliyoharamisha mapenzi baina ya wanaume, na mwaka 2006 ndoa zikaruhusiwa. Mahakama yenyewe nilipita kuiona. Imejengwa kwenye gereza la zamani, na matofali ya mahabusu iliyobomolewa yametumika katika kuta zake. Ni jengo zuri. Sikukaa sana. Kwetu tunasema haki ikishaandikwa watu watapumua. Pale mambo yalianza na vyumba vya kuazima, ngazi za hoteli na ugomvi wa gerezani, na maandishi yakafuata nyuma.

Nkoli alifariki kwa UKIMWI tarehe 30 Novemba 1998. Siku kumi baadaye rafiki yake Zackie Achmat na wenzake wakaanzisha TAC, harakati ya kudai dawa, na mwaka 2002 harakati hiyo ikaishinda serikali mahakamani kuhusu dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto. Harakati iliyochipuka katika misiba ya mashoga ikaishia kuwaokoa watoto wa watu ambao pengine wasingewapa mkono.

Kwenda KwaThema tulipanda teksi za kule, ambazo ni matatu isiyo na makanga. Nauli inapitishwa mbele mkono kwa mkono, na abiria aliyekaa kando ya dereva ndiye mhasibu, apende asipende. Nilikaa mimi. Ilikuwa aibu tupu mpaka bibi wa kiti cha nyuma akaanza kunipigia hesabu kwa sauti.

KwaThema ni kitongoji cha watu weusi karibu na mji wa migodi wa Springs. Huko, miaka ya 1980, mama mmoja aitwaye Thokozile Khumalo, MaThoko, aliifanya nyumba yake kuwa kimbilio la vijana waliofukuzwa kwao. Walikula kwake, walilala kwake, na wanachama wa GLOW walikutana kwake. Leo GALA inachapisha vitabu kwa jina la MaThoko's Books, heshima ambayo maprofesa wengi hawajaipata. Lakini ni hukohuko KwaThema ambako Aprili 2008 aliuawa Eudy Simelane, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya soka ya wanawake, msagaji aliyejulikana na mtaa mzima. Kuna daraja dogo lenye jina lake. Katiba ilikuwa na miaka 11 wakati huo.

Niliwauliza vijana wa pale kama huenda kwenye maandamano makubwa ya mjini. Mmoja akajibu kwa kuniuliza nauli ya kurudi usiku ni kiasi gani. Malalamiko hayo ni ya siku nyingi. Maandamano yalihamia vitongoji vya matajiri, yakajaa wadhamini na muziki, na Oktoba 2012 wanawake wa kampeni ya One in Nine walilala barabarani Rosebank kuyasimamisha, wakidai kimya cha dakika moja kwa ajili ya waliouawa. Waandaaji wakagombana nao hadharani, na mwaka uliofuata kampuni iliyoandaa maandamano ikavunjwa. Soweto, tangu 2004, walikuwa wameshajianzishia yao. Mimi niko upande wa waliolala barabarani.

Jioni moja mwenyeji wangu alinipeleka Yeoville. Ukishuka mtaa wa Rockey unasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Lubumbashi, cha Dar, na soko lina sombe na dagaa. Nyuma ya saluni moja, viti vya kukaushia nywele vikiwa vimesogezwa ukutani, walikutana watu wasiozidi kumi: Wakongo, Watanzania, Waganda wawili waliofika baada ya sheria ya Uganda ya mwaka 2023 dhidi ya mashoga, na Mkenya mmoja aliyefurahi mno kusikia lafudhi ya Mombasa. Sheria ya wakimbizi ya Afrika Kusini inamtambua anayekimbia kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja, lakini kibali cha mwombaji hifadhi ni cha kuhuishwa kila baada ya miezi michache, na mwenye kibali kilichopitwa na muda hapewi kazi wala chumba. Ndiyo maana wana chama. Kila mwezi mtu anachanga randi, mshika fedha ni mwenye saluni, mama wa Bukavu, na daftari linasomwa kwa sauti mbele ya wote.

Ajenda ya siku hiyo ilikuwa moja. Mwenzao alikuwa amefariki, na ndugu zake, walipopigiwa simu, walisema hawana mtu wa jina hilo. Je, azikwe hukuhuku kwa pesa za chama, au wasubiri hasira za nyumbani zipoe wamsafirishe? Na kama pesa zikiisha, mgeni aliyefika wiki ile kutoka Kampala, ambaye alilala sakafuni kwa watu, atalipiwa nini? Walizungumza kwa zamu. Hakuna aliyelia. Walikubaliana kumzika palepale na kumwombea kwa dini zote mbili, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika alikuwa wa ipi.

Kisha mama wa saluni akanigeukia. "Na ninyi, yaya, kule Mombasa muko na kikundi?"

Nikasema tuna harusi. Wakacheka wote, naye akacheka, lakini akanisubiri nijibu. Nikamwambia ukweli: hatuna, na sijui tungeanzia wapi.

"Anzeni na matanga," akasema. "Mutu anaogopa mkutano. Kwenye kilio hakuna mwenye kumuuliza amefuata nini."

Kijana wa Tanga akakataa katakata. Waanze na kodi ya nyumba, akasema. Maiti halali nje, mtu hai ndiye anayelala nje. Yule Mkenya akamuunga mkono, Waganda wakawa upande wa mama, mtu akadai daftari lifunguliwe waone mwaka jana ni lipi lililokula pesa zaidi. Mama akalifungua, akavaa miwani, akaanza kusoma tangu Januari.