Ile Video ya Jumapili: Kadi Haikunijibu

Wasee, mnakumbuka Jumapili nilisema kadi ya faksi imejibu? Haikujibu. Ni mimi nilikuwa najijibu.

Kadi yenyewe ni modemu ya kompyuta ya kitambo, nilitoa kwa jamaa wa vyuma kuukuu Kitale. Nikarudi nayo Kapsokwony kuiunganisha na Arduino Uno, yaani Arduino isimame mahali pa kompyuta. Nilitumia waya 8 za data, 3 za anwani, moja ya kusoma, moja ya kuandika. Kadi imesetiwa COM1, anwani 3F8, kwa hivyo A3 hadi A9 zote nikazifunga kwa volti 5, na AEN kwa graundi.

Hizo waya za pamoja zinaitwa basi, na si ya kwenda Bungoma. Lakini ni kama steji tu: makanga akiita "Kimilili!", anayeinuka ni wa Kimilili. Chipu ambayo anwani yake haijaitwa inaachilia waya.

Rejista ya 7 ni kama daftari tupu, unaandika namba halafu unaisoma. Niliandika 85, nikasoma 85. Nilipiga kelele hadi mama akatoka jikoni. Nikaposti.

Jumatatu usiku nikachomoa kadi nipange waya upya, nikawasha Arduino bila kufikiria. Ikaniambia 85. Na kadi iko mkononi mwangu!

Kumbe baada ya kuandika, sikurudisha pini za data ziwe za kusikiliza. Arduino ilibaki imeshikilia 85 kwenye waya, ikajisoma yenyewe. Mbaya zaidi, kadi ikijaribu kujibu, wawili wanasukumana kwa waya moja, na chipu inaweza kuungua.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: pini ziwe INPUT_PULLUP kwanza, ndipo ushushe waya ya kusoma. Bila kadi sasa napata 255. Nikairudisha, nikaandika 85, nikapata 85. Nikaandika 170, nikapata 170. Sikupiga kelele. Nilizima, nikachomoa tena, nikawasha: 255.

Kinachoniuma ni komenti zenu. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na wengi mliandika, "Ona sasa, digrii ni ya nini?" Nilizilaiki zote. Na hii basi mwalimu aliichora ubaoni, mshale mmoja ukienda, mwingine ukirudi. Nilikariri, nikapita mtihani, sikuwahi kujiuliza ule wa kurudi ni wa nini.

Video sijaifuta, nimeweka onyo juu yake. Kama unajaribu nyumbani, usiamini jibu kabla hujachomoa kitu chenyewe uone kama jibu litaendelea kuja.

Jumapili hii naiandikia AT. Ikiwa mzima, inafaa iseme OK. Ikisema, mtaniona nikiichomoa.