Usimkimbize Mtoto Mwenye Chupa ya Petroli

Zinapotajwa dawa za kulevya wengi wetu hufikiria bangi, mirungi, au ule unga unaokamatwa bandarini. Mawazo hukimbilia Dar es Salaam na Tanga. Ni mara chache mama afikirie kidumu cha petroli kilichowekwa nyuma ya mlango wa stoo, au kopo la gundi la fundi viatu. Lakini kwa sisi wa Mpanda tulio na vijana wa miaka 12 hadi 17, hivyo ndivyo vitu vya kuangaliwa kwanza.

Tangu mkoa wetu wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012, pikipiki zimekuwa miguu yetu. Bodaboda ndiyo inayomfikisha mjamzito kliniki na gunia la mpunga sokoni. Vijijini, mbali na vituo vya mafuta, petroli huuzwa kwa chupa kando ya barabara. Hata nyumbani kwangu ipo pikipiki ya mume wangu na akiba kidogo ya mafuta. Petroli si adui yetu. Adui ni pale kijana anapotia tambara ndani yake, akalifunika puani na kuvuta.

Kwa nini wanavuta?

Ziko sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba vitu hivi ni bidhaa halali, tena vya bei ndogo. Mtoto aliyetumwa dukani kununua gundi hakuna wa kumshangaa. Ya pili ni njaa. Watoto wa mitaani katika miji kama Nairobi, ambao kwa miaka mingi wameonekana na chupa ya gundi mdomoni, husema kwamba inawasahaulisha njaa na baridi ya usiku. Ya tatu ni kuiga wenzao. Mtoto wa nyumbani aliyeshiba naye huvuta, kwa kuwa rafiki amemwambia kwamba mtu mzima haogopi.

Siku hizi kuiga kunapitia kwenye simu pia. Vijana wa Ulaya huonekana wakivuta puto na kuanguka kwa kicheko. Iliyomo ni naitrasi oksaidi, gesi ambayo madaktari wamewapa wagonjwa kupunguza maumivu tangu karne ya 19. Ikivutwa ovyo mara kwa mara, huharibu kazi ya vitamini B12 mwilini, na wako vijana waliokufa ganzi miguu hadi wakashindwa kutembea. Uingereza ilipiga marufuku kuwa nayo kwa ajili ya kujilevya mwezi Novemba 2023. Kijana wa kwetu hana puto lile. Akitaka kicheko kile atatafuta kilicho karibu, na kilicho karibu ni petroli na gundi.

Kinachotokea mwilini

Mvuke ukivutwa huingia kwenye mapafu, ukapita kwenye damu na kufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache tu. Mtoto huona kizunguzungu, hucheka bila sababu, huongea kwa ulimi mzito, na pengine huona vitu visivyokuwapo. Baada ya dakika chache ulevi humwisha, naye huvuta tena.

Akiendelea kwa miezi na miaka, kumbukumbu hupungua, mikono hutetemeka na mwendo huharibika. Figo na ini navyo huumia. Wapo wanaosema petroli ya leo haina neno, kwa sababu tangu mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zimeacha kuuza petroli yenye madini ya risasi. Ni kweli risasi imeondolewa, lakini ule mvuke wenyewe bado ni sumu.

Tena mtoto anaweza kufa siku ya kwanza kabisa anayojaribu. Mwingine hukosa hewa kwa sababu amejifunika mfuko wa plastiki usoni. Mwingine hupaliwa na matapishi yake. Mwingine hushika moto kwa sababu alivuta karibu na jiko la mkaa. Na mwingine moyo wake husimama ghafula, jambo ambalo sisi wa mtaa wetu tulilifahamu kwa njia ifuatayo.

Fimbo iliyowekwa chini

Ilikuwa mwezi Novemba, majira ambayo watoto waliomaliza darasa la saba wako nyumbani tu wakingojea kidato cha kwanza. Tulikuwa tunatoka mazoezi ya kwaya, akina mama watano. Nyuma ya kibanda cha kuoshea pikipiki tukamwona kijana wa miaka 14 ameketi peke yake, tambara usoni, chupa kati ya miguu. Mama yake alikuwa pamoja nasi. Alivunja kijiti cha mwarobaini pale pale, machozi yakimtoka, akaanza kwenda mbio huku akiliita jina la mwanawe kwa sauti.

Katikati yetu alikuwamo mama mmoja mzee, nesi mstaafu. Alimshika mkono.

“Mwanangu, weka hiyo fimbo chini. Usimkimbize.”

“Mama, niache! Huyu ananiaibisha!”

“Nakuambia usimkimbize. Akishtuka sasa hivi na kukimbia, moyo wake unaweza kusimama. Utampoteza mbele ya macho yako.”

Fimbo ilianguka. Mama yule alikwenda polepole, akachuchumaa mbele ya mwanawe, akamwambia kwa sauti ya chini, “Baba, nipe hiyo chupa. Kaa hapa na mimi.” Kijana alimtazama kwa macho mekundu, akampa. Tukakaa naye penye hewa karibu saa nzima, ndipo tukampeleka kupimwa.

Baadaye nesi yule alitueleza sababu. Mvuke wa petroli na gundi huufanya moyo uwe mwepesi mno kushtushwa. Mtu akiogopa au akikimbia, mwili humwaga kichocheo cha kuusukuma moyo upige kwa nguvu. Kwa mtu mzima wa afya hilo ni msaada. Kwa aliyetoka kuvuta mvuke, mapigo yanaweza kuvurugika kabisa, moyo ukatetemeka bila kusukuma damu, na kifo kikaja kwa dakika chache. Kwa hiyo kumfokea, kumkimbiza au kumchapa saa ile ile kunaweza kukamilisha kazi ambayo petroli imeianza.

Mimi nina wavulana wawili. Naijua hasira ya mama, najua jinsi mkono unavyotangulia kabla ya wazo. Ndiyo maana nayaandika haya, ili siku hiyo ikimfikia mmoja wetu, awe ameshajua la kufanya.

Ukimkuta, fanya hivi

Sema naye kwa upole na kwa sauti ya chini. Fungua milango na madirisha, au mpeleke kwenye hewa safi bila haraka. Ondoa chupa na tambara, na uzime moto wowote ulio karibu. Mketishe atulie, asikimbie wala kucheza kwa saa kadhaa.

Akizimia lakini anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe, kisha mkimbizeni hospitali. Asipopumua, piga kelele ya msaada, na anayejua kukandamiza kifua aanze mara moja. Na kama amemeza petroli, usimpe maziwa wala kumtapisha, maana ikirudi juu huingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali upesi.

Dalili nazo tuzijue: harufu ya petroli au gundi kwenye nguo na pumzi, vidonda vidogo kuzunguka mdomo na pua, kupepesuka bila harufu ya pombe, kichwa kuuma kila mara, kukosa hamu ya chakula, na matambara au soksi zilizofichwa.

Kesho yake

Mazungumzo yana wakati wake, nao ni kesho, mtoto akiwa na akili timamu. Jirani yetu alimwuliza mwanawe maswali machache akasikiliza majibu. Ikajulikana kwamba kijana alikuwa akishinda kwenye kibanda kile kwa kukosa la kufanya, na wakubwa wa pale ndio waliompa chupa. Baba yake alimpeleka kwa mjomba mwenye bustani ya mboga hadi shule zilipofunguliwa. Alirudia mara moja, mwezi wa kwanza. Hawakumfukuza. Walizungumza tena, na mara hiyo baba alikuwapo tangu mwanzo.

Sisi nasi tulikwenda kwa wauza petroli wa mtaani na kwa fundi viatu, tukawaomba wasiwauzie watoto. Wengi walikubali, kwa kuwa wao pia ni wazazi. Nyumbani, kidumu kifungiwe kwa ufunguo, tena mbali na jiko.

Mama ukiona jambo limekushinda, usikae nalo peke yako kwa kuogopa aibu. Mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au piga simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo inapatikana kwa namba 119. Aibu ya kuonekana na majirani hupita. Kwa hiyo jioni hii, kabla hamjalala, angalia kidumu kiko wapi na ufunguo anao nani.