Vina Nini Ndani?



Mwezi Septemba mwaka 2025 jiji letu la Kigali liliandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Siku ya mwisho, tarehe 28, nilisimama na wanafunzi wangu kando ya mwinuko wa Kimihurura uliotandikwa mawe, tukiwatazama waendeshaji wakipanda kwa kuhema, siku ambayo Tadej Pogačar wa Slovenia alitwaa ubingwa. Miongoni mwa wanafunzi wale alikuwamo binti mmoja mkimbiaji wa masafa marefu. Alikuwa na mafua makali, nami nikamhurumia. Nilitoa mkobani vidonge vyangu vya mafua, nikamnyoshea viwili.

Hakuvipokea. "Mwalimu, vina nini ndani?" aliniuliza.

Nakiri kwamba niliudhika. Kwetu mtoto hupokea kwa mikono miwili anachopewa na mkubwa wake. Nikamjibu, "Ni dawa tu, mwanangu." Naye akasema kwa upole, "Ndiyo maana nauliza, Mwalimu. Nina mashindano Jumapili ijayo."

Wewe unayejifunza Kiswahili, litazame neno hilo *dawa*. Dawa huponya, lakini pia tuna dawa ya mbu, dawa za kulevya, na zile ambazo magazeti huziita dawa za kusisimua misuli. Jina hili la mwisho limezoeleka, ila linapotosha. Vitu vingi vilivyopigwa marufuku michezoni havisisimui misuli hata kidogo. Homoni iitwayo EPO huongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Dawa za kuongeza mkojo hazimpi mtu mbio. Zimekatazwa kwa sababu zinaweza kuficha dalili za dawa nyingine katika vipimo. Basi mwanariadha anaweza kuapa kwamba hajawahi kusisimua misuli yake, akaamini kiapo chake, na bado akawa amevunja sheria.

Mwezi uliofuata, jirani zetu wa Kenya walipata habari nzito. Ruth Chepngetich, ambaye tarehe 13 Oktoba 2024 alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, akawa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka 3. Sampuli yake ya tarehe 14 Machi 2025 ilikuwa na haidroklorothiazaidi, dawa ya kuongeza mkojo ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa shinikizo la damu. Kiwango kinachohitaji maelezo ni nanogramu 20 kwa mililita. Yeye alikutwa na 3,800. Hatimaye alieleza kwamba aliugua, akameza dawa ya mtumishi wake wa nyumbani bila kuikagua. Wachunguzi waliona maelezo hayo ni vigumu kuyaamini. Tena walisema kwamba hata yangekuwa kweli, uzembe wa namna hiyo huhesabiwa kuwa kusudi. Rekodi yake ya Chicago, iliyotangulia sampuli hiyo, haikufutwa, lakini nani ataitaja sasa bila kusita?

Huenda ukasema kwamba bingwa mzima alipaswa kujua. Basi mkumbuke Andreea Răducan wa Romania. Mwaka 2000 huko Sydney, akiwa na miaka 16, alishinda dhahabu ya jumla ya wanawake katika jimnastiki, kisha akanyang'anywa. Kosa lake lilikuwa kidonge cha mafua chenye sudoefedrini alichopewa na daktari wa timu yake. Alikata rufaa akashindwa. Mtoto alimtii mkubwa wake, na utii huo ukamgharimu medali.

Nimewasikia vijana wanamichezo wakizungumza. Mmoja husema, "Kila mtu anatumia." Mwingine, "Nilipewa na kocha." Wa tatu huonyesha kopo la unga lililonunuliwa bila kujulikana limetoka wapi, na kusema, "Hivi ni virutubisho tu." Siwacheki. Ushindi mmoja wa mbio za ughaibuni unaweza kuwajengea wazazi nyumba na kuwasomesha wadogo zao, na njaa ni mshawishi hodari. Lakini sheria ya michezo ni moja: kinachokutwa mwilini mwako ni chako, awe nani aliyekupa. Na anayeibiwa hasa ni yule aliyefika wa nne kwa jasho lake, akarudi kijijini mikono mitupu, asijue kamwe kwamba medali ilikuwa yake.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilikunjua karatasi ndogo iliyokuwamo ndani ya pakiti. Maandishi yalikuwa madogo mno, nikalazimika kuvaa miwani. Katika orodha niliiona: sudoefedrini, ambayo bado imekatazwa wakati wa mashindano ikizidi kiwango fulani mwilini. Nilikaa kimya kwa muda. Kesho yake nilimwomba radhi binti yule mbele ya darasa zima.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kuuliza si utovu wa adabu pia. Raia anayeuliza mkataba una nini kabla ya kuusaini, au bahasha ina nini kabla ya kuipokea, hamdharau anayempa, anajiheshimu mwenyewe. Nasi wakubwa tunaoulizwa tujifunze kujibu bila kununa.

Zoezi la wiki hii: andika aya moja ukieleza siku uliyotaka kuuliza swali ukanyamaza kwa heshima. Ungeuliza nini?