Mtu Mzima na Chuo cha Ufundi

Msomaji wangu kijana, wewe uliye darasani leo huenda ukadhani kuwa kujifunza ni kazi ya miaka michache ya ujana, ambayo ikiisha imekwisha. Wengi hudhani hivyo. Lakini kazi za dunia hubadilika, na aliyefundishwa mara moja tu huamka siku moja akakuta ujuzi wake umepitwa. Kwa sababu hiyo napenda kukueleza habari za watu wazima wa kwetu Chebunyo.

Chebunyo iko Chepalungu, katika Kaunti ya Bomet. Hapa ni mahali pa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Chai hustawi zaidi katika nyanda za juu, Konoin na Kericho. Kwa miaka mingi, mtu asiye na ufundi aliweza kupanda huko akachuma majani chai, akapata ujira wake. Siku hizi mashine hufanya kazi ya mikono mingi. Mwezi wa Mei 2023 uchungu wa jambo hili ulizidi, mashine zikachomwa moto katika mashamba ya Kericho. Moto ule haukujibu swali: mchumaji mwenye umri wa miaka arobaini atajifunza nini, na wapi?

Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti juu ya watoto waliomaliza shule ya msingi wakakosa la kufanya, na katika mawazo hayo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Katiba ya 2010 ilivikabidhi kwa serikali za kaunti. Ni vyuo vyema, ila vilibuniwa kwa ajili ya vijana. Jirani zetu wa Tanzania, kwa kufuata mfano wa Uswidi, walianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, na tangu mwanzo waliwakusudia watu wazima. Nasi tungefaa kujifunza kwao.

Namjua mwashi mmoja ambaye ukuta wake husimama wima bila ya kasoro. Ufundi aliupata kwa kumtumikia fundi mwingine. Tajiri mmoja alimlipa ujira wa msaidizi, kwa kuwa hakuwa na cheti. Mtihani wa ufundi wa serikali upo, wenye madaraja matatu, na aliyejifunzia kazini huweza kuufanya. Lakini mikono ya mwashi huyu ilijua kazi, na macho yake hayakuzoea kusoma ramani ya nyumba. Alihitaji mwalimu kwa majuma machache tu.

Mambo matatu humzuia mtu kama huyu: saa, nauli na haya. Alfajiri anakamua, mchana yuko kibaruani. Basi afundishwe jioni na siku ya Jumamosi, na mama mwenye mtoto apewe mahali pa kumweka. Chuo kikiwa mbali, nauli hula posho ya siku. Basi mwalimu na vyombo vyake waje sokoni, kama ajavyo mganga wa mifugo. Ama haya, huiona aibu kuketi pamoja na watoto wa rika la wanawe.

Utaniuliza: fedha ya kaunti ni chache, je, si haki vijana watangulie? Swali lako ni la haki. Lakini tazama: jioni karakana za chuo hufungwa, na meza na misumeno hulala bure. Gharama inayobaki ni ujira wa mwalimu na taa. Tena mzazi aliyepata ufundi ndiye alipaye karo ya kijana. Kumfundisha mmoja si kumnyima mwingine.

Saa na nauli zimo mikononi mwa wakubwa, nawe ukipata haki ya kupiga kura, waulize. Haya imo mikononi mwako tangu leo. Ukiingia chuoni ukamkuta mtu wa umri wa baba yako benchini, usicheke. Msalimu kwa heshima, ukae karibu naye, umsaidie kusoma vipimo. Naye atakuonyesha namna ya kushika mwiko.